Zitoe Diski za Mjomba Kwenye Mawele

Majengo, Meru
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimia, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na Mungu mwenyewe nimemwambia nusu tu. Zile diski ulizofunga kwenye mawele, zile nilizokutumia kwenye gunia pamoja na parachichi, bado zilikuwa na kazi. Nilimwambia Mjomba kwamba nyimbo zote zimeshaingia kwenye kompyuta. Hazikuingia. Mimi nilidhani zimeingia, lakini nikizitafuta sasa hakuna kitu. Sauti ya Mjomba iko huko shambani kwako, Mama, imefungwa kwa kamba ya katani na inapigwa na jua.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Mgongo umetulia au bado unakusumbua ukiinama? Na Cucu, bibi yangu mkaidi, ameanza kuvaa ile miwani, ama bado anasema inamzeesha? Na Ireri ameacha kulala na viatu vyake vipya? Sisi huku tu wazima, yaani miili ndiyo mizima. Mimi chakula hakishuki. Anti akiniuliza namwambia ni baridi ya Meru, basi ananiongezea uji. Nimekunywa uji wa uoga mpaka sketi inanibana.

Usishangae kwamba nimekuandikia kama watu wa zamani. Simu ninayotumia ni ya duka la Mjomba. Halafu wewe nikikupigia unaweka sauti ya nje ili Cucu asikie, na Cucu akisikia, Gachoka yote imesikia. Na hata ungekuwa peke yako chini ya kitanda, nisingeweza kulisema kwa mdomo. Unanijua. Jambo likiwa kubwa maneno yanasimama hapa kooni yanakataa kwenda mbele wala nyuma. Leo Mama Njuki ameleta ndengu zake sokoni, kesho asubuhi anarudi, na amekubali kunibebea mzigo. Kwa hivyo naandika mbiombio hapa dukani, nyuma ya kaunta, na kila nikisikia miguu kwenye korido naisukuma karatasi chini ya kibodi.

Wacha nikueleze vile ilivyokuwa.

Wewe ulimwona Mjomba Nyaga hospitalini baada ya ile operesheni ya koo, lakini hujaishi naye tangu sauti ipotee. Mimi naishi naye. Anaongea kama upepo unaopita chini ya mlango. Jambo fupi ananong'ona, jambo refu analiandika kwa kalamu yake ya kijani nyuma ya yale makaratasi ya kufunikia diski, ambayo hapa dukani hayaishi. Akimaliza anaweka karatasi juu ya meza mbele yako, anasimama, anangoja. Katika duka hili karatasi ikiwa juu ya meza, hayo ni maneno ya mtu, lazima uyasome. Na kwa sababu hawezi kuita, unamjua anakuja kwa miguu. Anavaa akala, zile za tairi, na mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Nimejifunza kusikia huo mguu hata redio tatu zikilia.

Jirani yetu ni Mzee Athumani mwenye bucha. Yeye na Mjomba wanataniana kutwa. Siku ya kwanza nilipofika alichungulia, akanitazama vile nimejificha nyuma ya spika, akamwambia Mjomba, "Nyaga, sasa duka lako lina watu wawili na sauti nusu." Hiyo nusu ilikuwa ya Mjomba. Mimi sikuhesabiwa.

Hizo diski, Mama, zilikuwa zimejaa mabokisi mpaka karibu na dari. Miaka yote aliyokuwa anarekodi kwaya, harusi, harambee na matanga, hakutupa hata moja. Lakini zilikuwa zimeanza kufa. Nyingine zinabambuka ngozi ya juu kama kiazi kilichochemshwa, nyingine zina madoa ya ukungu. Ndiyo maana ulipomwambia nimemaliza Form Four na nimekaa tu nyumbani nikihesabu kuku, alisema nije. Aliniandikia siku hiyo hiyo niliyofika: "Kazi yako ni kuziokoa kabla hazijanyamaza." Akanionyesha hard disk, kitu cheusi kidogo kama Agano Jipya la mfukoni, akasema zote zitaingia humo.

Alinifundisha vizuri, sitamsingizia. Unaingiza diski, unafungua programu yake, unabonyeza, unangoja. Mashine inaisoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kuutengenezea kila wimbo faili yake. Inachukua muda, na wakati huo wote inalia kama mbu ndani ya mkebe. Mabokisi ya kwanza alikaa hapa kando yangu. Hayo yako sawa, nimeyaangalia.

Kisha ikaanza shughuli ya Kagendo. Najua ulipata habari kwamba binamu yangu ameposwa na kijana wa Laare, watu wa miraa. Mjomba na Anti wakawa wanapanda Laare kila mara kuonana na wakwe, nami nikabaki peke yangu na mabokisi. Siku moja nikaifungua diski vile unafungua begi, nikaona nyimbo zimepangwa ndani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajiuliza, kwani kwa nini ningoje? Nikazishika zote pamoja nikazivuta, nikazidondosha kwenye hard disk. Hata sikumaliza kupepesa macho, zilikuwa zimefika. Nikabonyeza moja kujaribu. Ikaimba.

Mama, ungeniona. Wewe ndiye unaniita konokono. Shuleni kompyuta zetu zilikuwa zimefunikwa vitambaa kama maiti, tulisoma kompyuta ubaoni, na mimi nilikuwa naweza kueleza maana ya kompyuta kwa Kiingereza bila kupumua. Sasa hapa nimegundua njia ya mkato ambayo hata Mjomba, fundi wa miaka yote hiyo, haijui. Nilimaliza bokisi baada ya bokisi. Kila diski nilijaribu wimbo mmoja au miwili, na kila mara ziliimba. Mjomba aliporudi akaangalia vile majina yamejipanga kwenye kioo, akaniangalia mimi, akachukua kalamu. "Kumbe ni mwepesi hivi? Mama yako alinificha." Hiyo karatasi niliiweka ndani ya Biblia yangu kwenye Zaburi. Siku hizi siwezi kufungua Zaburi.

Ni yeye mwenyewe aliyesema diski uletewe wewe. Aliandika, "Hizi zimemaliza kazi. Mpelekee mama yako azifunge kwenye mawele, ndege waone cha moto." Akacheka kile kicheko chake cha sasa, mabega tu yanapanda na kushuka. Akaninong'oneza vile mlikuwa mnakaa naye juu ya ulingo mkiwa watoto, wewe na kombeo, yeye na mdomo wake. Alisema, "Mama yako alikuwa anakosa kila ndege. Mimi napiga ukelele mmoja, nalala." Nilimwambia nawe hutuambia hivyo hivyo, kwamba Nyaga akipiga ukelele hata ndege wa shamba la jirani walikuwa wanahama. Alifurahi sana. Alishika koo lake hapa mbele, hivi, akasahau mkono hapo.

Nikafunga gunia kwa mikono yangu. Ukatuma ujumbe kwamba zinametameta shambani kama kanisa siku ya Krismasi, na vile vindege vya mdomo mwekundu vinazunguka juu vinaogopa kushuka. Nikamsomea Mjomba.

Mtu wa kwanza kunishtua alikuwa Kinoti. Huyo ni kijana wa boda boda, anabeba miraa kutoka Laare, na alitaka nyimbo za zamani za kwaya kwa ajili ya redio ya pikipiki yake. Nikamwekea kwenye flash, nyimbo nyingi, nikamwambia asante kwa kichwa bila kufungua mdomo. Kesho yake alirudi amekunja uso.

"Sistee, umenipea nini hapa? Nimeenda Laare nimerudi nikisikiliza injini peke yake!"

Nikasema labda flash yake ni mbovu.

"Flash ni mpya! Nilikuwa nimembeba mteja, nikamwambia ngoja usikie ngoma. Akangoja mpaka akashuka."

Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, Mama, nikamwekea tena, na moyoni nikailaumu flash. Kumbe nilikuwa nimeshaonyeshwa nikakataa kuona.

Halafu Jumatatu Mjomba aliweka karatasi juu ya meza. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Aliandika kwamba anataka ile diski aliyoirekodi Kagendo akiwa mtoto wa kunyonya. Wewe labda unaijua, mimi sikuwa nimewahi kuijua. Alibaki peke yake kanisani baada ya mazoezi ya kwaya, akawasha mashine, akamwimbia, halafu akaongea naye. Alimtaja kwa jina, akamwombea, akamwambia yale baba humwambia binti yake siku anapotoka nyumbani, na wakati huo mtoto mwenyewe hata meno hakuwa nayo. Nilimuuliza kwa nini alifanya hivyo mapema namna hiyo. Akainua mabega. Kisha akaandika haya, nayanakili vile yalivyo:

"Kila baba anapewa maikrofoni. Mimi nikipewa nitaifanyia nini? Nitasimama tu nayo. Wewe utabonyeza, nami nitaongea."

Akatoka kwenda kwa fundi kupima suti. Nikabonyeza ili nimtayarishie. Kompyuta ikaniambia haioni kitu, niingize diski. Nikabonyeza wimbo mwingine, ikaniambia niingize diski. Nikafungua bokisi lingine, na lingine, na lingine. Hapo ndipo niliangalia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiangalia, ukubwa wa faili. Zile za kwanza, tulizofanya na Mjomba, ni kubwa. Zangu zote ni ndogo, ndogo kuliko ujumbe wa simu, na zote zinalingana. Wimbo mrefu na wimbo mfupi, matanga na harusi, ukubwa mmoja.

Sio nyimbo, Mama. Ni kama kile kibao kilicho barabarani kinachosema shule iko upande ule. Mimi niling'oa vibao nikavileta nyumbani nikasema nimeleta shule. Na nilipokuwa nikijaribu ziliimba kwa sababu diski yenyewe bado ilikuwa ndani ya mashine. Ningetoa diski kwanza mara moja tu, halafu nijaribu, ningejua siku ile ile.

Mjomba akarudi. Nikasikia akala, kisha mguu ule. Akaketi kwenye kigoda, akaonyesha kompyuta kwa kidevu, akanong'ona, "Niwekee nisikie." Nikajua nimekufa. Sijui shetani gani alinipa akili, nilinyoosha mguu chini ya meza nikazima swichi ya ukutani kwa kidole. Kioo kikawa cheusi. Nikasema, "Stima imepotea, Mjomba."

Pale pale friji ya Mzee Athumani ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta. Na balbu ya korido ilikuwa inawaka.

Mjomba aliitazama hiyo balbu. Halafu akanitazama mimi. Alisimama, akachukua kofia, akatoka. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari ya hiyo diski, na sijui kama anajua ama hajui, na hilo ndilo linanimaliza. Akipita nyuma yangu nywele zinasimama. Akigusa mkoba wa ile hard disk naacha kazi niliyoshika. Jana aliketi hapa karibu saa nzima akitengeneza redio ya mteja, na kila alipoweka bisibisi chini nilidhani anachukua kalamu.

Mzee Athumani aliona. Nilienda kununua nyama ya Anti, akawa anakata huku ananitazama.

"Binti, mbona una sura ya mtu aliyemeza msumari?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Hakuna kitu hakuna sura hiyo. Umevunja nini?"

Nikaanza kuhesabu pesa za nyama.

"Basi nenda ukamwambie mjomba wako. Yule hana hata sauti ya kukugombeza, unaogopa nini wewe?" Akacheka mwenyewe, akaniongezea kipande cha mfupa.

Lakini ni hiyo hasa ninayoogopa. Angekuwa mtu wa kugombeza, angenigombeza, ningelia, na yangeisha. Au angenirudisha nyumbani, ningekuja nikufukuzie ndege, basi. Mimi naogopa siku ile ya harusi. Naona watu wote wamekaa, mshereheshaji anasema sasa tumpe baba, Mjomba anasimama na suti yake, anashika maikrofoni, ananitazama mimi nibonyeze. Na hakuna kitu. Anafungua mdomo hapo mbele ya wakwe wa Laare na hakuna kitu. Mara ya kwanza sauti yake ilichukuliwa na ugonjwa. Mara ya pili itakuwa imechukuliwa na mimi.

Na jua, Mama. Yeye mwenyewe ndiye alinifundisha, wiki ya kwanza, kwamba diski za kiwandani zinavumilia, lakini hizi zake alizozichoma mwenyewe kwenye kompyuta zimeandikwa kwa rangi tu, na jua linainywa hiyo rangi polepole mpaka diski inabaki kioo. Kwa macho huwezi kujua. Inametameta vile vile. Asubuhi jua likipiga mabati ya msikiti hapa Majengo mimi nafikiria tu kwamba huko kwenu limeshakuwa kali. Nimeomba mawingu ya Gachoka, halafu nikakumbuka ndengu zako zimeanikwa uwanjani, nikaomba tena kufuta ombi.

Kwa hivyo hii ndiyo haja yangu, na naiandika nikiwa nimepiga magoti moyoni. Zitoe. Zote, kwa sababu huwezi kujua ni ipi iko wapi, na nyingine ni matanga na harusi za watu ambao nao siku moja watakuja kuziulizia. Ile ya Kagendo imeandikwa kwa kalamu ya kijani, jina lake tu na neno "Baba". Kama maandishi yamefutika na umande, utaijua kwa alama ya kidole gumba cha kijani pale ukingoni, aliishika wino ukiwa bado haujakauka.

Ukizitoa usikate kamba kwa panga karibu na diski, fungua fundo. Usizioshe na sabuni ya unga. Futa vumbi kwa kitambaa laini, ile khanga yako iliyochakaa ni sawa, na ufute kutoka kwenye tundu la katikati kuja nje, usizungushe kama unaosha sahani. Kisha uziweke katikati ya magazeti, moja moja, kwenye lile sanduku la bati la sare zangu. Mama Njuki atakuja tena Jumatano ijayo. Mwambie akae nalo miguuni, lisipandishwe juu ya gari na magunia. Na umuulize Ireri kama amechukua yoyote kufanya magurudumu ya gari lake. Namjua. Mwambie simchapi, na wewe usimchape, hakujua.

Najua ninachokuomba. Mawele yameanza kukomaa, na nikikwambia utoe diski ni kama nakwambia uwaite ndege kwa majina. Nimelia juu ya hilo pia. Ndiyo maana ndani ya mzigo huu, chini ya blanketi la Cucu, utakuta utepe wa kaseti, mwingi, nimeuzungusha kwenye vijiti. Uufunge kutoka nguzo hadi nguzo, uukaze, na uusokote kidogo. Upepo ukiupiga unavuma wenyewe, na ndege hawaupendi. Ni kaseti ambazo Mjomba alizitoa nje zitupwe, zimeoza. Lakini hata hivyo safari hii nimezisikiliza kwanza, moja moja, na nyingine zilitafunwa na mashine mpaka nikazitoa kwa kibanio. Hakuna kitu ndani, ni mvumo tu. Nakuapia.

Kama ile ya Kagendo imepotea au imepasuka, usiniambie kwa simu. Piga tu useme mawele hayakufanya vizuri mwaka huu, nitaelewa. Kama umeipata na ina maandishi yake, sema mawele yamekubali. Nitakuwa nasikiliza, na Mjomba akiwa karibu hatajua tunaongea nini.

Usinikasirikie sana. Au nikasirikie baadaye, ukishazitoa.

Nisalimie Cucu, mwambie blanketi ni la kulalia na asiliweke sandukuni likingoja wageni. Nisalimie Ireri ndugu yangu, fundi wa magari ya waya. Nisalimie Mama Ciarunji jirani yetu aliyenipa sweta ya kuja nayo huku, mwambie imenisaidia, Meru sio mchezo. Na yule mwalimu wangu wa hesabu ukikutana naye kanisani, mwambie naendelea vizuri. Hilo nalo ni uongo, lakini mwambie tu.

Mimi binti yako anayekupenda na anayeogopa,

Wawira

Mama, bado sijaikunja. Nilikuwa nimetafuta gundi ya bahasha nikasikia miguu huko mwanzo wa korido. Anatoka kwa fundi, na amerudi mapema. Amesimama kwa Mzee Athumani. Namsikia Mzee anamwambia, "Nyaga, suti imekukaa, sasa wewe ndiye bwana harusi!" halafu kimya, hicho kimya ni Mjomba anacheka. Sasa anakuja. Nasikia akala, na mguu wa kushoto.

Nimeshika ukingo wa karatasi niisukume chini ya kibodi, mkono umezoea. Lakini nimefikiria kitu. Ile ya mawele kukubali au kutokubali, isahau. Ukipiga simu sema wazi, weka hata sauti ya nje. Mimi siwezi kumwambia kwa mdomo, nimejaribu tangu Jumatatu. Na yeye hawezi kuniuliza kwa mdomo. Labda ndiyo maana ananizunguka tu.

Nimeitoa chini ya kibodi. Nimeziweka kurasa zote juu ya meza, upande anaokaa yeye, na nimezigeuza ziangalie kwenye kigoda chake. Huu wa mwisho naumalizia nikiwa nimesimama.

Amefika mlangoni. Anafuta miguu.

Ukiipata barua hii ujue ameisoma kabla yako. Nimemwachia nafasi hapa chini. Kalamu ya kijani iko mfukoni mwake.